Neno Moja Bila Nukta

Kazi yangu ni ya bawabu.
Ghorofa ya tatu, Tampere, dirisha linatazama maji yaliyoganda,
nami naandika amri za kile kisanduku chembamba
juu ya kivinjari, unamochapa lolote likujialo,
ukabonyeza, na asiyeonekana akaamua:
huyu anauliza, au huyu anakwenda?

Amri zenyewe si za kujivunia.
Ukiacha nafasi kati ya maneno, unauliza;
aendaye kwake hasiti katikati ya jina.
Ukitia nukta, natazama kilichofuata nukta:
mkia ninaoujua (orodha ninayo, ndefu kama deni)
nakufungulia njia.
Mkia nisioujua, nakupeleka sokoni ukaulize.
Namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, pita.
Kuna mwaka mtu alichapa tarehe ya arusi yake
nikamtuma kwenye mashine isiyokuwepo.
Tulilirekebisha. Hatukumwomba radhi.

Lakini neno moja, tupu, bila nukta,
hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumamosi nilishuka kusini kwa baba, kando ya mto Kymi.
Armas, mtunza vipuri wa kiwanda cha karatasi
miaka thelathini na mmoja: mikanda, beringi,
roli za mpira nzito kuliko ng'ombe.
Kila asubuhi alichapa *varasto*, yaani ghala,
kwa herufi ndogo, kwa kidole kimoja,
na ghala likafunguka: rafu, namba, idadi iliyobaki.
Ndani ya ule ua jina lilikuwa mlango.
Hakuna aliyemwuliza, ghala lipi?

Kiwanda kilifungwa theluji ilipoanza kuyeyuka.
Mashine ziliuzwa kwa kilo.
Naye, jikoni, kahawa imepoa, bado anachapa *varasto*,
na kivinjari changu, nilichokilea mwenyewe,
kinamletea vyumba vya kukodi vya kuwekea makochi,
bei nafuu, mwezi wa kwanza bure.

"Kimekuwa kiziwi," akasema.
"Nakiambia twende, chenyewe chaenda kuulizauliza."

Sikumwambia kwamba si kiziwi kabisa.
Kila unapochapa neno tupu, kikikimbilia sokoni
mkono mmoja hubaki nyuma, hubisha chini kwa chini:
hodi, hapa jirani pana aitwaye Ghala?
Mara moja tu, wala si tatu kama waungwana.
Kimya kikijibu, basi, matangazo yanaendelea.
Kwa baba, jirani ni friji, runinga
na printa isiyo na wino.

Nikamwonyesha: mwishoni tia mkwaju.
Mmoja tu, ulioinama kama fimbo iliyoegemezwa ukutani.
Hapo kitajua unakwenda, huulizi.
Akautafuta kwenye kibodi, akaupata juu ya saba,
akatia. Kikaenda.
Ukurasa mweupe. *Anwani haikupatikana.*

Nilidhani nimemwumiza.
Akavua miwani, akaipangusa kwa kona ya fulana,
akausoma tena ule mstari mmoja, polepole,
kama mtu anayehesabu rafu.
"Haya," akasema. "Safari hii angalau kimekwenda kutazama."
Kisha akaniuliza kama nitakula samaki.

Jumatatu Jouni alileta pendekezo:
tuiondoe ile hodi.
Wanaojibiwa ni wachache hata kwenye grafu hawaonekani,
wino wa mstari wenyewe ni mnene kuliwashinda.
Wote wakaafiki. Hoja yake haina kasoro, hata mimi naiona.
Imebaki saini yangu.
Nikasema nitalipitia.

Wiki ya tatu hii.
Limekaa kwenye foleni chini ya jina langu,
na Jouni ameanza kuniulizia kwa upole, penye mashine ya kahawa.
Baba amenipigia simu jana:
amejaribu neno jingine, *vaaka*, mizani,
ile iliyokuwa karibu na lango la magogo.
Na mkwaju? nikauliza.
Na mkwaju, akasema. Hakuna mtu.